Mpiga Kengele katika Nchi ya Ulizamkono

Palikuwa na nchi, na kwa anayeitafuta bado ipo, ambayo watu wake hawakujua kama wameamka mpaka waambiwe. Nchi hiyo iliitwa Ulizamkono. Jinsi Sikudhani alivyofika huko si habari ndefu: alipanda, akateremka, akapanda tena, akafika. Habari ni aliyoyakuta.

Sikudhani alikuwa mpiga kengele wa shule ya msingi. Kengele yenyewe ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwa mnyororo, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiligonga kwa kipande cha nondo bila kukosa kipindi. Mkononi alivaa saa ya kutia ufunguo, yenye mishale miwili na tarakimu kumi na mbili, basi. Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, alikishika kile kitufe cha pembeni kwa kidole gumba na cha shahada, akakizungusha mpaka kikaze, kisha akaiweka saa sikioni kidogo, kama mtu anayesikiliza kama mgeni wa chumba cha pili ameamka. Saa ile ilichelewa dakika mbili kwa siku. Fundi mmoja alitaka kuirekebisha, Sikudhani akamkatalia. Alisema kosa la saa yake analijua, halijawahi kujificha kwake, na akirekebishiwa hilo huenda likaja jingine asilolijua.

Kilichompeleka Ulizamkono ni binti yake, Mwanamvua, aliyeolewa huko na sasa alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imetimia. Kwa kina Sikudhani mimba ya kwanza huangaliwa na mama mzazi, na mama hukaa hadi arubaini iishe. Aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akakabidhi nondo, akaondoka.

Mkwewe, kijana mpole aitwaye Kipimo, alimpokea mlangoni. Sikudhani akasubiri shikamoo. Haikuja. Kipimo aliinua mkono wake wa kushoto, akausogeza karibu na wa mama mkwe, akaangalia, akausogeza tena. Mkononi alikuwa na saa janja, kioo cheusi kikubwa kama kopo la majani ya chai lililolazwa.

"Samahani mama," akasema, "mkono wangu hauwezi kusoma umri wako."

"Nimemzaa mkeo," Sikudhani akamwambia. "Hesabu kutoka hapo."

Kipimo akafikiri, akaona kweli, akatoa shikamoo, naye akaitikiwa.

Basi huo ndio ulikuwa mwanzo. Sikudhani alikuta kwamba katika nchi ile kila mtu, tangu siku ya saba ya kuzaliwa, huvishwa saa janja, na saa hiyo humwambia kila kitu. Humwambia kama amelala usingizi mzuri au mbaya, kama anasikia baridi, kama amekasirika na kwa kiasi gani, kama mazungumzo aliyonayo yanamfurahisha. Ukimwambia mtu hujambo, kwanza hutazama mkono, ndipo hukujibu. Sheria ya kwanza ya nchi ilikuwa imeandikwa juu ya mlango wa ofisi ya serikali: Ushahidi wa mwili haupokelewi mpaka uthibitishwe na mkono.

Aliona mengine pia. Aliona wazee barazani wakicheza bao huku kila mmoja akiutikisa mkono wa kushoto bila kupumzika, kwa kuwa mkono ukitikiswa huhesabu hatua, na mtu mwenye hatua nyingi huheshimiwa kama mtu aliyetembea. Aliona mwanamke mmoja akitetemeka kwenye mvua, amelowa chapachapa, akisubiri mkono umruhusu kuingia ndani. Tena aliona Saa ya Ukutani. Kila siku inapotimu saa kumi na mbili jioni, nchi nzima hukaa chini kuegemea kuta, kila mkono umefungwa kwa waya unaotoka ukutani, mpaka saa janja zishibe umeme. Huchukua karibu saa nzima. Kwa kuwa mkono ukiwa kwenye waya haurekodi kitu, sheria inasema kwamba katika saa ile hakuna kinachotokea. Mtu akianguka, hakuanguka. Wakigombana, hawakugombana. Mwanamvua alimweleza mama yake haya kwa sauti ya kawaida kabisa, amefungwa ukutani, miguu imevimba.

Jioni ya pili Sikudhani alitaka kuichangamsha nyumba. Akasema, "Kitendawili."

"Tega," Mwanamvua akaitika kabla hajatazama popote. Mumewe akamgeukia kwa mshangao.

"Wawili wanazunguka uwanja, mrefu na mfupi. Wanapishana kutwa na hawajaamkiana."

Kipimo akausogeza mdomo karibu na mkono, akakirudia chote. Mkono ukampa majibu arobaini, yakiwemo twiga na sungura, maji na mafuta, na wakwe wasioelewana. Akauliza lipi kati ya hayo ndilo. Sikudhani akamwambia afikiri. Kipimo akauliza, kwa heshima zote, afikiri kwa kutumia nini. Sikudhani akamwonyesha saa yake, ule mshale mrefu ukimpita mfupi. Kipimo akaitazama kwa muda. Kisha akauliza ikishamaliza hapo inafanya nini kingine.

Swali hilohilo ndilo lililomfikisha ofisini. Jirani alikuwa ameona kitu mkononi mwa mgeni kisichowaka, na siku ya tatu Sikudhani akaitwa mbele ya Bwana Arifa, Mkuu wa Mikono. Huyu Arifa hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini mkono wake ulikuwa umemwandikia kwamba alilala kwa saa nane bila kuamka, kwa hiyo alijitahidi kuonekana mtu aliyelala. Alimkaribisha kiti, akafungua daftari, akaanza kumhoji.

Alitaka kujua kwanza saa yake inapima nini. Sikudhani akasema haipimi kitu, inaonyesha muda. Je, inahesabu hatua? Haihesabu. Inajua mvua? Inajua kama yeye ana huzuni? Sikudhani akasema hilo analijua yeye mwenyewe, haoni sababu ya wawili kulijua. Arifa akaandika. Akauliza saa hiyo ikishaonyesha muda, kwa siku nzima, haina kazi nyingine?

"Haina."

"Siku nzima?"

"Na usiku."

Arifa akasema katika Ulizamkono kitu chenye kazi moja huitwa kizembe. Kisha akasogea mbele. "Sasa hivi ni saa ngapi kwa hiyo yako?"

"Saa nne kasoro dakika nne."

Arifa akainama akatazama. "Mshale mfupi uko kwenye kumi."

"Ndiyo. Kumi ndiyo nne."

"Umesoma kumi, ukasema nne."

"Jua lilipochomoza tukaanza kuhesabu. Zimepita nne. Kila mtu kwetu anasoma hivyo tangu utotoni."

"Kwa hiyo saa inasema uongo, na wewe unausahihisha."

"Baba," Sikudhani akasema, "saa haisemi. Saa inaonyesha. Anayesema ni mimi."

Jambo hilo lilimsumbua Arifa kuliko ile habari ya saa kuchelewa dakika mbili, ambayo Sikudhani alimweleza bila kuulizwa. Mwishowe akatoa uamuzi, akausoma polepole ili uandikike vizuri. Mgeni ataruhusiwa kuvaa kitu chake kama pambo, sawa na shanga. Atakaa hadi arubaini ya binti yake. Lakini akikitumia kitu hicho kama ushahidi juu ya mwili wa mtu yeyote, ataondoka nchini siku ileile kosa likithibitishwa.

Sikudhani akashukuru, akarudi nyumbani. Njiani hakuwa akiwaza saa. Alikuwa akiwaza kwamba akifukuzwa, binti yake atabaki na kichanga katika nchi ambayo watu hulowa mvuani wakisubiri ruhusa ya kusikia baridi.

Siku ya sita, saa nane mchana, Mwanamvua alikuwa akikunja khanga. Akasimama ghafla, akaushika mguu wa kitanda kwa mkono wa kulia, akautazama wa kushoto.

"Vipi?" mama yake akauliza.

"Mkono unasema nina furaha iliyozidi. Unasema nipumue."

"Na wewe unasemaje?"

Mwanamvua akatazama mkono tena. Akasema zimebaki siku tisa, ndivyo ilivyoandikwa tangu mwanzo, na mkono haujawahi kukosea.

"Sikuulizi mkono, mwanangu. Nakuuliza wewe."

"Sijui, mama," Mwanamvua akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Sikudhani hakubishana naye. Alivuta kigoda, akaketi mahali anapouona ule mkono wa kulia. Ukiushika mguu wa kitanda, alitazama saa. Ukiuachia, alitazama tena. Mwanzo zilipita dakika kumi na mbili kati ya mshiko na mshiko. Baadaye kumi. Kufikia saa kumi na moja zilikuwa saba, na vidole vya Mwanamvua vilikuwa vinageuka vyeupe. Kipimo alirudi kazini, akaona, akataka kukimbia kumwita mkunga. Mkono wake ukamwambia mapigo ya moyo yako juu, keti. Akaketi. Ikafika saa kumi na mbili, akajifunga waya ukutani kama nchi nzima, machozi yakimtoka, mkono ukiwa haurekodi.

Dakika zikawa tano. Sikudhani akatoka mwenyewe.

Mkunga wa mtaa ule aliitwa Bi Ratiba, naye nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka hapo. Alimkuta ameegemea ukuta, waya mkononi, macho yamefumbwa. Sikudhani alisimama mlangoni. Alijua kwamba akishafungua mdomo arubaini yake imekwisha. Akaufungua.

"Bi Ratiba, mwanangu ana utungu. Maumivu yalianza saa nane. Sasa yanapishana dakika tano."

Bi Ratiba akafumbua macho. "Nani kasema?"

"Saa yangu imeonyesha dakika. Mimi nimehesabu."

"Unajua umesema nini?"

"Najua."

"Mkono wake umeandika siku tisa."

"Basi usije kuzalisha. Njoo unywe chai. Mgeni akimkuta mtu anaumwa, kumshika tumbo si kosa."

Bi Ratiba akautazama waya. Saa yake ilikuwa haijashiba umeme hata nusu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ana miaka kumi na moja hajagusa tumbo la mtu. Husubiri mkono wa mzazi useme sukuma, naye humwambia sukuma, kisha humpokea mtoto. "Sijui kama vidole vyangu vinakumbuka."

"Tutavijua tukifika."

Bi Ratiba akaivua saa, akaiacha ikining'inia ukutani kwenye waya wake. Walipofika nyumba ya pili akapunguza mwendo. "Goti linaniuma," akasema, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani ambaye hakudhani yuko hai. Kisha akakaza mwendo.

Vidole vilikumbuka. Alivitandaza juu ya tumbo la Mwanamvua, akafumba macho, akavisogeza, na uso wake ukabadilika. Akasema kichwa kiko chini kabisa na hakuna hata muda wa kuchemsha hiyo chai. Nilivyosikia, kazi ile ilifanywa bila kelele nyingi. Sikudhani alimshika binti yake mgongo. Mtoto wa kike akatoka, akalia, na bibi yake akatazama saa: saa moja na dakika tano, mshale mfupi kwenye saba. Bi Ratiba alikuwa bado anafunga kitovu wakati mkono wa Mwanamvua ulipotetemeka na kuwaka maandishi. Kipimo, aliyekuwa ameshauvua waya wake, ndiye aliyeyasoma. Yalisema: Hongera, leo umefanya mazoezi mazuri. Zimebaki siku tisa.

Asubuhi Bwana Arifa alifika na daftari. Alikuwa amesikia. Akaketi sebuleni, akaeleza jambo lenyewe lilivyo gumu. Kwa mkono, mtoto hajazaliwa. Kama hajazaliwa, basi hapakuwa na utungu, na mgeni hakutumia pambo lake kuthibitisha utungu ambao haukuwepo, kwa hiyo hana kosa. Lakini kama amezaliwa, mkono ulikosea, jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika nchi, na mgeni ana kosa. Hapo kichanga kikalia chumbani. Arifa akasubiri kelele ziishe, akaendelea bila kusema zilitoka wapi. Alisema ameamua kusubiri siku tisa. Siku ikifika, Mwanamvua atapata utungu mbele ya mashahidi, mtoto ataandikwa, mkono utakuwa umesema kweli, na bibi atakaa arubaini yake kwa amani. "Na asipopata?" Sikudhani akauliza. Arifa akafunga daftari. Akasema asipopata, ukweli utakuwa ule mwingine, na yeye atamsindikiza Sikudhani mpakani jioni hiyo.

Zikaanza siku za ajabu. Mkono wa Mwanamvua ulimshauri atembee, asibebe vizito, aongee na mtoto aliye tumboni. Juu ya huyu aliyelala mapajani mwake haukusema neno, maana kwake hayupo. Siku ya kwanza na ya pili Mwanamvua alihangaika. Mtoto akilia, anatazama mkono, mkono unamwambia kuhusu hali ya hewa. Alimgeukia mama yake amwambie mtoto anataka nini, na Sikudhani, ingawa alijua, alisema tumsikilize. Siku ya tatu Mwanamvua alisema huyu analia mafupi mafupi, nadhani kalowa. Akafungua nepi, kalowa. Siku ya tano alisema kilio hiki kirefu ni cha ziwa, na kile cha kukwaruza ni cha usingizi, na hakuuliza mtu. Siku ya saba usiku alizinduka kabla mtoto hajalia. Sikudhani alikuwa macho, akayaona hayo kwenye mwanga wa taa, akajigeuza upande wa ukuta asionekane anavyotabasamu.

Kesho yake, siku ya nane, alimwita binti yake kando. Alisema kwa upole kwamba kesho watakuja watu. Kuumwa kidogo mbele yao si kazi kubwa, kuna wanawake wanaoigiza zaidi ya hapo kwa kuchomwa na sindano. Akitaka kugumia kidogo, agumie. "Ningependa kukaa arubaini yote," akasema. "Siwezi kukudanganya." Mwanamvua alimsikiliza, kisha akambusu mtoto.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mikono yote ya mtaa ikalia kwa pamoja: Mwanamvua anapata utungu. Majirani wakaja na vyungu vya maji ya moto. Bi Ratiba akaja na mkoba wake wote, saa janja mkononi, uso mzito. Kipimo alivaa shati jipya. Bwana Arifa akasimama mlangoni, kalamu juu ya daftari. Mwanamvua alikuwa ameketi kitandani, mtoto wa siku tisa amelala begani kwake, na watu wote wakamwangalia yeye bila kumwona mtoto, kama walivyokuwa wamezoea kwa siku hizo zote.

Mkono wake ukawaka. Ukatetemeka mara tatu.

Arifa akauliza, kwa sauti ya kiofisi lakini si ya ukali, "Mwanamvua, unaumwa?"

Kila mtu akasubiri atazame mkono, kama mtu yeyote angefanya. Hakutazama. Aliyainua macho juu kidogo, akakaa hivyo, kama anayesikiliza jambo lililo ndani ya nyumba. Ilichukua muda. Arifa akabadilisha mguu.

"Hapana," Mwanamvua akasema. "Siumwi. Nina njaa."

Kalamu ya Arifa ikabaki hewani. Bi Ratiba akaketi kwenye mkoba wake. Majirani wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakaanza kumwona mtoto.

Sikudhani hakungoja kitakachoandikwa. Alipita katikati ya watu, akasema hodi kwa Bwana Arifa ampishe mlangoni, akaenda jikoni kubandika uji. Mizigo angeifunga ukishaiva.